Nikikimbia dakika mbili pumzi inakata. Nianzie wapi?

Mgeni_Bweyogerere

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 36, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, uzito kilo 88. Nilipimwa mwezi uliopita, presha na sukari viko sawa. Nataka kuanza kukimbia lakini kila nikijaribu ni yaleyale: dakika mbili tu pumzi inakata, ubavu wa kulia unachoma, narudi nyumbani kwa miguu huku vijana wa boda wakiniambia "nnyabo, tugende" (mama, twende). Huku kwetu Bweyogerere, karibu na Kampala, barabara ni mlima na mteremko, tambarare hakuna. Nianze na umbali gani? Nikimbie kila siku? Viatu nilivyo navyo ni raba za kawaida za kuvaa Jumamosi. Na je, nile kabla au baada?

Kochi_Sebei

Karibu dada. Kwanza mapafu yako usiyalaumu. Mtu anayekata pumzi ndani ya dakika mbili karibu kila mara anakwenda kasi kuliko anavyodhani. Mtu mzima ambaye hajakimbia tangu shule huwa anajua namna moja tu ya kukimbia, ile ya kukimbizwa. Kwa kasi hiyo misuli inadai oksijeni nyingi kuliko moyo unavyoweza kuifikisha, inaanza kuchoma sukari bila oksijeni ya kutosha, na kabonidayoksaidi inajaa kwenye damu. Kinachokufanya uheme ni hiyo kabonidayoksaidi kutaka kutoka. Ndiyo maana kuvuta hewa kwa nguvu hakukusaidii kitu, ila ukipunguza mwendo unatulia baada ya muda mfupi.

Mwendo gani sasa? Mwanariadha wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, alitumia dakika 12 na sekunde 35, yaani kila kilomita kama dakika 2 na nusu. Wewe kilomita ikuchukue dakika 9, hata 10. Anayetembea kwa haraka naye huenda kilomita kwa dakika 10, kwa hiyo usione haya mama mwenye kikapu kichwani akikupita. Kukimbia ni ule mruko mdogo ambao nyayo zote mbili zinaachia ardhi kwa muda mfupi sana. Kasi si sharti.

Kipimo chako kiwe salamu. Nchi hii salamu ni ndefu, tuitumie. Ukikutana na jirani uweze kumwambia "wasuze otya nno nnyabo" (umelalaje mama), umsikilize, umjibu, umuulize watoto, bila kukatiza neno katikati. Ukishindwa kumaliza, umezidisha. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa wimbo, unaweza kuongeza kidogo. Hicho kipimo ni bora kuliko saa ya bei ghali, maana saa haijui kwamba jana ulilala saa nane usiku.

Programu. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila siku unaanza kwa kutembea haraka dakika 5 na unamaliza kwa kutembea taratibu dakika 5. Katikati, wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea 2, mara saba. Wiki ya pili kimbia dakika moja na nusu, tembea 2, mara sita. Ya tatu, 2 kwa 2, mara tano. Ya nne, 3 kwa 2, mara nne. Ya tano, 4 kwa 2, mara nne. Ya sita, 5 kwa 2, mara nne. Ya saba, 8 kwa 2, mara tatu. Ya nane kimbia 12, tembea 2, kimbia 12 tena. Ya tisa, 15, tembea 2, kisha 12. Ya kumi, dakika 25 mfululizo, polepole vilevile kama siku ya kwanza.

Ukihesabu utaona dakika za kukimbia zinatoka 7 hadi 25 kwa miezi miwili na nusu. Usiangalie kilomita kabisa kwa sasa. Anayehesabu kilomita hukimbilia kuzimaliza, anayehesabu dakika hana sababu ya kuharakisha, maana dakika haziishi mapema hata ukipaa.

Hutembei kwa sababu umechoka. Unatembea kwa sababu saa imesema. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu, wanajiona wazima kwenye mzunguko wa pili wanaruka mapumziko, mzunguko wa tano wamekaa chini ya mti. Mzunguko wa mwisho ufanane na wa kwanza. Kama pumzi haijatulia dakika 5 baada ya kumaliza, rudia wiki hiyohiyo. Kurudia wiki hata mara tatu si kosa.

Mlima: panda kwa kutembea hadi wiki ya sita hivi, hata kama saa inasema kimbia. Ukitaka kuupanda mbio, hatua ziwe fupi kama za mtu aliyebeba ndoo ya maji, macho mita kumi mbele, usitazame kileleni. Mteremko ndio hatari zaidi ingawa pumzi haisikii. Kila hatua unatua kwa kishindo na misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, kesho yake ngazi hushuki. Teremka kwa kutembea pia. Au tafuta uwanja wa mpira wa shule, omba ruhusa, zunguka pembeni. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 100 hivi na upana wa 65 hivi, mzunguko mmoja ni kama mita 330, na nyasi ni laini kwa miguu yako. Geuza upande wa kuzunguka kila baada ya dakika kumi ili mguu mmoja usibebe kona zote.

Kuhusu hatua: usirushe mguu mbele. Wayo utue chini ya nyonga, sio mbele ya goti. Ukisikia "pa, pa, pa" ya nyayo barabarani, unatua mbali na mwili, fupisha hatua na uziongeze idadi. Mabega chini, ngumi usizikaze, shika kama umebeba yai.

Simba_wa_Ntinda

Kochi unamlea sana. Dakika moja ni mazoezi ya watoto wa chekechea. Dada, anza kilomita 3 kila siku, uumie wiki moja, mwili utazoea wenyewe. Watu wa Kapchorwa, kule milimani wanakotoka wakimbiaji wetu, wanakimbia kwenda shule wakiwa watoto bila programu yoyote.

Nesi_Mbale

Simba, umejijibu mwenyewe: wakiwa watoto. Miguu ya huyo mtoto ina miaka kumi ya kazi ndani yake kabla hajavaa namba kifuani. Mwenzetu ana miaka 36 na kiti.

Mwili hauzoei wote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza damu inaongezeka maji na moyo unasukuma vizuri zaidi, kwa hiyo unajisikia nafuu mapema sana. Misuli inafuata kwa wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi, kwa sababu damu inayopita kwenye kano ni kidogo, na mfupa ukianza kujijenga upya kwanza unapungua nguvu kidogo ndipo uwe imara. Matokeo yake wiki ya tatu au ya nne moyo unasema twende, muundi unasema hapana. Hapo ndipo wanaokimbia kila siku wanapoacha, na wanasema mbio haziwafai. Siku ya mapumziko ndiyo siku mfupa unajengwa.

Sasa dada, kichomi cha ubavuni. Hakina madhara. Kinakuja zaidi kwa mtu aliyekula au kunywa kingi ndani ya saa mbili, au aliyeanza kwa kasi, na kwa wanaoanza kinapungua chenyewe kadiri wiki zinavyokwenda. Kikija, tembea, bonyeza kwa vidole vitatu pale panapochoma chini ya mbavu, inama mbele kidogo, toa pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa kama unapoza chai. Rudia mara tano au sita. Soda kabla ya kukimbia ni kukitafuta. Na juisi nzito vilevile.

Chakula: kwa dakika 30 hadi 40 huhitaji kula kabla, kama huna kisukari. Ukiona kizunguzungu alfajiri, ndizi mbivu moja au kikombe cha chai yenye sukari dakika 45 kabla inatosha. Posho (ugali) na maharage yape saa tatu. Katogo ya matumbo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, iachie baada. Maji, glasi moja kabla na moja au mbili baada, huna haja ya kubeba chupa kwa nusu saa. Baada ya kukimbia kula chakula chako cha kawaida chenye kitu cha kujenga mwili, mayai au maharage au mchuzi wa karanga. Roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbili juu ya dakika saba za mbio, hapo uzito utapanda na utazilaumu mbio.

Uzito wako si kikwazo, ila unataka hadhari moja. Kila hatua ya kukimbia mguu unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kama nusu saa ya kutembea haraka bado inakuchosha, tumia wiki mbili au tatu za mwanzo kutembea tu, siku nne au tano kwa wiki, ndipo uanze programu ya Kochi. Magoti yatakushukuru.

Na wengine wanaosoma, kabla ya kuanza mwoneni daktari kama mna presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kisukari cha kutumia dawa, selimundu, au kama kuna ndugu wa damu aliyeanguka na kufa ghafla akiwa kijana. Wa pumu, pulizia dawa ya kufungua njia ya hewa dakika 10 hadi 15 kabla kama daktari alivyokuelekeza, na uibebe. Ukiwa barabarani ukasikia kifua kinabanwa, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, moyo unaruka ovyo, au giza machoni, simama, kaa chini, tafuta msaada siku hiyohiyo. Hilo halina kipimo cha salamu.

Homa: ukiwa na malaria usikimbie. Dawa ya mseto ya siku tatu ikiisha, usirudi kesho yake. Malaria huvunja chembe za damu, na damu ikipungua utahema kwa ngazi tatu tu. Subiri siku kadhaa bila homa, tembea wiki nzima, halafu rudi wiki mbili nyuma kwenye programu. Mafua ya puani tu bila homa, unaweza kwenda taratibu.

Kina mama waliojifungua: subirini miezi mitatu angalau kabla ya kukimbia, na kwa waliopasuliwa daktari akubali kwanza. Mkojo ukivuja mnaporuka au kukohoa, misuli ya nyonga bado, anzeni na mazoezi ya kuibana na kuiachia. Hilo linatibika, halihitaji aibu. Sidiria ya michezo ni lazima kama viatu: ukiruka mara kumi mbele ya kioo na kifua kikabaki mahali pake, hiyo ndiyo.

Simba_wa_Ntinda

Sawa nesi, nimekubali nusu. Lakini kunyoosha viungo je? Hamjasema kitu. Na kuvuta pumzi kwa pua.

Kochi_Sebei

Kunyoosha kwa kushika vidole vya mguu na kutulia nusu dakika, fanya baada, ukipenda. Kabla ni dakika 5 za kutembea haraka, kisha bembea kila mguu mara kumi mbele na nyuma, basi. Misuli ya baridi haivutwi, inapashwa moto.

Pua peke yake kwa anayeanza ni kujinyonga. Tumia pua na mdomo vyote. Ukiweza kuvuta kwa pua tu na bado unakwenda, ni ishara kwamba mwendo ni mdogo vya kutosha, hapo pua inafaa kama kipimo. Kuilazimisha kama sheria sioni faida yake.

Fundi_wa_Raba

Mimi nijibu la viatu. Raba za Jumamosi zinafaa wiki mbili za kutembea kama hazibani. Za kukimbia ni bora ununue, na si lazima ziwe mpya. Mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, ina viatu vizuri sana na viatu vilivyokufa, vimekaa meza moja, bei moja.

Nenda mchana au jioni, mguu unavimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na nenda na soksi utakazokimbilia. Vaa vyote viwili, simama: mbele ya kidole kirefu kabisa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wengi huishia kuchukua namba moja juu ya ile ya viatu vya kazini. Upana nao, kidole kidogo kisisukumwe.

Halafu kikague. Soli ya chini yenye meno mazuri isikudanganye, muuzaji ameiosha. Kinachozeeka ni sponji ile ya katikati. Ibonyeze kwa gumba pembeni, inatakiwa ibonyee na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ya kulala kama uso wa mzee, hiyo imemaliza kilomita zake. Kiatu cha kukimbia kwa kawaida kinakwenda kilomita 500 hadi 800, na hujui aliyekitangulia alikwenda ngapi. Kiweke juu ya meza tambarare, ukitazame kwa nyuma: kikiinama ndani au nje kiache, kitakuvuta goti. Kikunje: kipinde pale vidole vinapopindia, sio katikati ya wayo. Kamua kisigino cha nyuma kwa vidole, kisilale. Mwisho tazama lebo ndani ya ulimi, viatu vingi vina tarehe ya kutengenezwa. Kiatu cha miaka mingi hata kama hakijavaliwa gundi yake imekauka, siku ya tatu soli inabaki barabarani.

Viatu vya mpira wa kikapu, vile vizito vya shingo ndefu, na vile vya mtindo vya soli bapa, hapana.

Soksi za pamba tupu zinashika jasho na kutoa malengelenge, tafuta zenye mchanganyiko wa nailoni. Mafuta ya mgando kidogo kwenye vidole, kwapani na katikati ya mapaja kabla ya kutoka. Mvua ikikunyeshea, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, anika kivulini. Usiweke karibu na sigiri hata kidogo. Joto la mkaa linaachanisha gundi, na nikiletewa kiatu kilichokaushwa sigirini huwa sina la kufanya nacho.

Mwendo_wa_Asubuhi

Yangu machache kuhusu barabara. Jua letu linatoka kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo saa 12 kasoro bado ni giza na mitaro haina vifuniko. Subiri uone unapokanyaga. Kukichelewa sana moshi wa teksi na boda umeshajaa, ukitoka kunapopambazuka tu ndiyo nafuu. Jioni baada ya saa 11 jua limelegea lakini barabara kuu zina magari mengi, tumia za ndani.

Sisi tunaendesha kushoto, basi wewe kimbia kulia ili uione gari inayokuja usoni. Boda lakini huja pande zote, sikio moja liwe wazi, usizibe yote kwa muziki. Mavazi ya rangi ya kung'aa. Mbwa akikujia, acha kukimbia, simama ukimwelekea bila kumkodolea macho, rudi nyuma polepole. Kukimbia kunamwambia akufuate.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hivi, barabara ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni, chukua lami au nyasi. Radi zikianza toka uwanjani mara moja, usijifiche chini ya mti peke yake.

Kama huna simu ya kupimia, nguzo za umeme zinatosha: kimbia nguzo moja hadi ya pili, tembea hadi ya nne. Na kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani nusu saa ya mwisho kabla ya futari inafaa kwa kutembea na kukimbia kidogo, maana maji yako karibu. Au baada ya tarawehe.

Mgeni_Bweyogerere

Mwebale nnyo, asanteni sana wote. Nilianza kama Kochi alivyosema, leo nimemaliza wiki ya tatu. Pumzi imetulia kweli, salamu namaliza! Lakini muundi wa mguu wa kushoto unauma upande wa ndani, sehemu ya chini, ukianza mbio unauma, ukipata moto unapungua, jioni unarudi. Niache?

Nesi_Mbale

Hongera dada, na umefika pale pale tulipokutajia.

Fanya hivi. Kaa chini, pitisha kidole kimoja juu ya ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia kifundo kupanda juu. Maumivu yakiwa yametandaa urefu wa kiganja au zaidi, ni utando wa mfupa na misuli inayoshikana nao vimechoka, jambo la kawaida kwa anayeanza. Yakiwa nukta moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na ukiibonyeza unaruka, au ukiruka kwa mguu huo mmoja yanachoma, au yanauma ukiwa umelala tu, hapo simamisha mbio na umwone daktari, mfupa unaweza kuwa na ufa mdogo. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani kama bado panauma.

Kwa yale yaliyotandaa: acha kukimbia siku saba hadi kumi, endelea kutembea au kuendesha baiskeli kama hakuumi. Barafu au kitambaa cha maji baridi dakika 15 jioni. Usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie, dawa inafunga mdomo wa mlinzi huku mwizi yumo ndani. Kisha rudi wiki ya pili, juu ya nyasi.

Ongeza zoezi hili ambalo tulipaswa kukupa siku ya kwanza: simama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, panda juu ya vidole kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya tatu hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 12, pumzika, rudia mara tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Ukiweza mara 15 bila shida, fanya kwa mguu mmoja mmoja. Na kuinuka kwenye kiti bila mikono, mara 10, mizunguko mitatu. Hayo yanaimarisha kigimbi na paja vibebe kishindo kisifike kwenye mfupa.

Halafu jibu kwa ukweli: uliteremka mlima mbio?

Mgeni_Bweyogerere

Niliteremka, nesi. Nilijiona mwepesi. Maumivu yametandaa, sio nukta. Sawa, napumzika siku kumi.

Swali jingine kwa Kochi: kazini wanajiandikisha kilomita 5 za Kampala Marathon ya Novemba. Nijiunge au nangoja?

Kochi_Sebei

Jiandikishe kama zimebaki wiki kumi au zaidi kuanzia siku utakayorudi. Kama ni chini ya hapo, jiandikishe pia lakini uende kukimbia na kutembea vilevile kama kwenye programu. Kwenye kilomita 5 za mjini wengi hutembea, hakuna atakayekufunga. Ukikosa hiyo, mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huwa Aprili, nazo zina kilomita 5.

Simama nyuma kabisa ya umati. Mbele kuna vijana wanaotoka kama risasi, ukiwafuata mita 400 umerudi kwenye lile swali lako la kwanza. Kampala ni vilima, kwa hiyo kila mpando tembea, na usijaribu viatu vipya wala soksi mpya siku hiyo.

Wakati unapumzika, pima kitu kimoja. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono sekunde 30, zidisha kwa 2, andika. Fanya kila Jumatatu. Baada ya wiki nane au kumi mara nyingi namba inashuka kidogo. Siku ikipanda ghafla kwa mapigo kumi hivi, unaumwa au hujalala, siku hiyo tembea.

Mgeni_Bweyogerere

Nitaandika. Na Fundi, nilinunua viatu ulivyoeleza, sponji nzuri, nafasi ya gumba ipo. Lakini nikishuka kilima hata kwa kutembea mguu unateleza mbele, ukucha wa kidole gumba umeanza kuwa mweusi.

Fundi_wa_Raba

Kiatu hakina kosa, kamba ndizo. Juu kabisa karibu na kifundo kuna tundu la ziada ambalo watu hawalitumii. Ingiza kamba ya kushoto kwenye tundu hilo upande huohuo wa kushoto, itoke na kuacha kitanzi kidogo. Fanya hivyo kulia. Sasa vusha kamba ya kushoto uipitishe ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kitakaa nyuma. Kamba za mbele juu ya vidole ziache zimelegea.

Ukucha kata kwa mstari ulionyooka kutoka upande hadi upande, usiukate pembeni ukaingia nyamani. Huo mweusi uache, utakua na kutoka wenyewe. Ukivimba na kupwita, nenda ukatobolewe kliniki, usitumie pini ya nyumbani.

Mgeni_Bweyogerere

Tundu la juu nimeliona sasa hivi. Nilidhani ni la urembo.